Kilemba cha Gunia

Gunia la vitunguu likijaa hadi mdomoni, bado halifungwi. Mpakizi huchukua kipande cha gunia kuukuu, akakizungushia mdomoni, akakishona kwa shazia na kamba ya katani, kisha akaanza kujaza upya. Anaingiza kitunguu kimoja kimoja, anakigandamiza kwa kiganja, anakizungusha kipate nafasi, anaweka kingine juu yake. Kilemba kinapanda. Kikifika urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole anakiegemea kwa uzito wa mwili, anashindilia, anaongeza tena, ndipo anapokaza kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo ya nchi hii inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini lumbesa haipandishwi kwenye mizani. Inahesabiwa kwa macho: gunia moja, bei ya gunia moja.

Mimi nimeishika shazia hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nyumbani Unyambwa, nje kidogo ya mji wa Singida. Mama alilima vitunguu bondeni, akamwagilia kwa ndoo asubuhi na jioni. Mnunuzi alikuwa mzee wa kanisani kwetu, na jina lake nitalihifadhi. Alifika, akavua kofia, akaomba. Alimshukuru Mungu kwa mavuno, akamwombea mama afya. Halafu akatukumbusha maneno ya Yesu katika Luka juu ya kipimo kilichoshindiliwa na kusukwasukwa hata kikamwagika, akanigeukia: "Mwanangu, kaza kamba hiyo." Nikaikaza. Mama alilipwa magunia sita. Kwa jicho la mtu aliyevichimba vile vitunguu, yalikuwa manane. Jumapili iliyofuata mzee yule alitoa sadaka nono, ikatangazwa, tukampigia makofi.

Tangu siku hiyo nina swali moja: mtu anayemcha Mungu tumjue kwa nini?

Unyambwa si mahali pa watu wasiojua dini. Wamisionari wa Kilutheri wa Augustana, kutoka Marekani, waliingia Iramba na Singida katika miaka ya 1920. Wakatoliki wapo, Wasabato wapo, Wapentekoste wanaongezeka. Waislamu ni majirani zetu na wakwe zetu, na Kurani yao ina sura nzima, ya 83, inayowaonya wanaopunja vipimo. Wao wanastahili mjadala wao peke yao. Asiyekuwepo ni Myahudi. Na hilo ni jambo la kushangaza ukilifikiria, maana zaidi ya nusu ya Biblia tunayoisoma ni kitabu cha Wayahudi. Tumewaita watoto wetu Isaka, Rebeka, Eliya na Debora, wala hatujawahi kuwauliza waliokishika kitabu hicho kabla yetu wanakiishi vipi.

Kwa hiyo nimeandaa mjadala huu, na sauti ya Kiyahudi nimeitoa mahali pasipo mbali: Mbale, mashariki ya Uganda. Huko wapo Abayudaya. Asili yao ni Semei Kakungulu, Mganda aliyewatekea Waingereza nchi za mashariki ya Uganda, kisha akaona wamemtupa. Alijiunga na dhehebu la Malaki, lililokataa dawa za hospitali, akaendelea kuisoma Biblia ileile iliyoletwa na wamisionari, hadi mwaka 1919 alipojitahiri yeye na wanawe. Alipoambiwa tohara ni mambo ya Wayahudi, alijibu kwamba kama ni hivyo, basi naye ni Myahudi. Mwaka 1920 Myahudi mmoja aliyeitwa Yosef alikaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, sikukuu na uchinjaji. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, na utawala wake ulipoanguka mwaka 1979 walikuwa wamebaki mia chache. Leo wana sinagogi kwenye kilima cha Nabugoye, na rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2016. Hawa ni wakulima kama sisi. Wanajua jembe, wanajua deni, wanajua dalali.

Wasemaji nimewapanga mimi mwenyewe. Hoja zao ni za kweli: zimo katika vitabu vya dini zao na vinywani mwa watu niliokua nao. Wamekaa chini ya mti, karibu na miamba, msimu wa kuvuna alizeti.

Mwinjilisti: Mgeni wetu, karibu Unyambwa. Mimi nianze na moyo, maana sisi tunaanzia hapo. Mtu hapati haki mbele za Mungu kwa kuhesabu matendo yake. Mtume Paulo alikuwa Farisayo, aliyashika yote, akakiri hayakumfikisha. Mungu anatusamehe bure kwa ajili ya Kristo, na moyo uliosamehewa unazaa matunda. Ukitaka maembe hufungi maembe kwenye matawi kwa kamba. Unautunza mti.

Mgeni wa Mbale: Nimekaribia, Mwinjilisti. Sisi tunaanza na mkono. Pale Sinai, baba zetu waliposomewa agano waliahidi kutenda kabla ya kuahidi kusikia. Wahenga wetu waliupenda sana mpangilio huo. Wamezihesabu amri 613: 248 za kutenda, 365 za kuacha. Hatusemi moyo hauna kazi. Tunasema moyo ni mwanafunzi wa mkono. Mtoto anasalimia wakubwa kabla hajajua heshima ni kitu gani, na kwa kusalimia ndiko anaijua. Tena nisikuogopeshe, sikuja kumgeuza mtu. Sisi hatufundishi kwamba ni lazima mwanadamu awe Myahudi ndipo ampendeze Mungu. Kwa watu wote tunazo amri saba za Nuhu. Mojawapo ni kutoiba, nyingine ni kuweka mahakama za haki.

Mama mkulima: Mkono, moyo, yote nimesikia. Mimi nauliza la gunia. Kijana huyu hapa ni dalali. Kila msimu ananunua kwangu, na kila msimu kuna kilemba. Naye ni Mkristo, ameoa kanisani, nilikuwepo nikala pilau.

Dalali: Shikamoo, mama.

Mama mkulima: Marahaba, mwanangu. Sema.

Dalali: Mama, lumbesa sikuianzisha mimi. Lori linakodishwa kwa idadi ya magunia. Ushuru unatozwa kwa gunia. Kibarua wa kupakia analipwa kwa gunia. Kwa hiyo kila mtu anayenunua anataka gunia lake libebe zaidi. Nikifika sokoni Dar es Salaam na gunia lisilo na kilemba, mteja ananipita anakwenda kwa mwenzangu. Nikiacha peke yangu, nitafilisika peke yangu, na wewe utamuuzia mwingine lumbesa ileile.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu kijana huyu hadanganyi. Lumbesa ina mizizi. Mahali ambapo kila malipo yanafuata idadi ya magunia, uzito unakuwa ni wa kunyang'anyana, na anayelipia ni yule wa mwisho katika foleni, aliye shambani. Mahubiri yanayomwambia dalali "uwe mwema" bila kugusa lori, ushuru na soko yanamwachia mzigo asioweza kuubeba mtu mmoja.

Mgeni: Kijana amesema kweli, nami ninaijua njia hiyo. Kwetu ni kahawa. Mwaka 2004 wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa vilima vya Mbale waliungana katika ushirika mmoja wa kuuza kahawa, wakauita kwa Kiganda Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Waliona kwamba mkulima mmoja na mfuko wake mmoja hana sauti. Na katika sheria yetu, mizani haiachiwi dhamiri ya mfanyabiashara peke yake. Talmudi inataka mji uwe na wakaguzi wa vipimo. Mishna inamwagiza mwenye duka afute vipimo vyake mara mbili kwa wiki, mawe ya mizani mara moja kwa wiki, na mizani yenyewe kila anapopima. Unaona? Kama utomvu au vumbi limeshika kwenye sahani ya mizani, mteja amepunjwa hata kama muuzaji hakukusudia.

Mama: Hayo maneno ya kufuta mizani yameandikwa katika kitabu cha dini?

Mgeni: Katika kitabu cha dini, mama. Na Torati, Kumbukumbu sura ya 25, inakataza mtu kuwa na mawe mawili mfukoni, zito na jepesi. Wahenga wakaenda mbali zaidi: kipimo pungufu usikiweke hata nyumbani kwako, hata kama unakitumia kujisaidia usiku tu. Siku moja mtu mwingine atakichukua apimie nafaka.

Mama: Basi ile sado iliyosukumwa kitako ndani, ambayo wanapimia mahindi pale senta, ingevunjwa.

Mgeni: Ingevunjwa leo.

Nilikua nikisikia neno "Farisayo" likitumika kama tusi. Mtu mnafiki ni Farisayo. Mtu mwenye kushika sheria bila huruma ni Farisayo. Tuliambiwa Wayahudi wameshika herufi, sisi tumeshika upendo. Lakini huyu anayefuta mizani kila anapopima ameshika kitu gani, kama si upendo uliovaa nguo ya kazi? Amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako, ambayo Yesu aliitaja kuwa ya pili kwa ukubwa, imo katika Mambo ya Walawi sura ya 19, aya ya 18. Shuka aya kumi na saba tu, katika sura hiyohiyo, utakuta mizani, mawe ya kupimia, na vipimo vya nafaka na vimiminika. Mkono ulioandika upendo haukuinuka kwenye karatasi kabla ya kuandika kilo. Sisi tumezoea kusoma aya ya 18 na kufunga kitabu.

Mwinjilisti: Nikubali jambo moja, Mgeni. Luther wetu aliandika mambo mabaya sana juu ya Wayahudi mwaka 1543, na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani limeyakataa maandishi hayo. Nami nayakataa hapa chini ya mti. Lakini Luther huyohuyo, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alipoieleza amri ya saba, Usiibe, hakuishia kwa mwizi anayevunja mlango. Alitaja bidhaa za uongo na biashara ya hila, akasema tumsaidie jirani aihifadhi mali yake na kuiongeza. Watoto wetu wa kipaimara wanayakariri hayo.

Dalali: Niliyakariri, Mwinjilisti. Ukiniamsha usiku wa manane nitakusomea. Ila hakuna siku niliyoulizwa kwenye kipaimara: je, baba yako ananunua kwa mizani?

Mwinjilisti: Hukuulizwa. Kosa hilo ni langu pia.

Mgeni: Sisi tunafundishwa kwamba mtu akifikishwa hukumuni, swali la kwanza ataulizwa kama alinunua na kuuza kwa uaminifu. Maswali ya kujifunza Torati na kuungojea wokovu yanafuata baadaye. Hayo ni maneno ya mwalimu Rava, wa Babeli.

Dalali: Basi nami niulize swali la kisheria, maana naona Mgeni anapenda sheria. Desturi ya soko ina nguvu au haina? Mimi na mama tunajua wote kwamba gunia la vitunguu ni gunia lenye kilemba. Hakuna aliyedanganywa. Ameliona, amelikubali.

Mgeni: Swali hilo ni la zamani kuliko wewe na mimi. Talmudi inasema: mahali penye desturi ya kujaza kipimo hadi kilima usikisawazishe, na mahali penye desturi ya kusawazisha usijaze kilima.

Dalali: Si hiyo! Unyambwa desturi ni kilima.

Mgeni: Subiri. Sheria hiyo imewekwa ili kipimo kiwe kimoja kwa wote, mgeni asije akanaswa. Hata ukisema "nitajaza kilima halafu niongeze bei," haukubaliwi, kwa sababu mwingine akiona atadhani hicho ndicho kipimo. Sasa niambie: kilima cha lumbesa kina urefu gani?

Dalali: Inategemea.

Mgeni: Inategemea nini?

Mama: Inategemea kama nina shida. Mtoto akirudishwa shule kwa ada, kilemba kinafika hapa. Mwaka ambao sina shida kinapungua.

Mgeni: Basi hiyo si desturi. Desturi ina urefu unaojulikana. Na kuna jambo la pili. Mwalimu Shmueli alifundisha kwamba sheria ya nchi ni sheria, nasi tunaifuata popote tulipo. Nchi yenu imesema kilo 100. Soko haliwezi kutunga desturi ya kuifuta.

Mwinjilisti: Na mimi niongeze kuhusu ile aya ya Luka, maana nimesikia wanunuzi wakiitumia. Yesu anazungumza na mtu anayetoa. Anamwambia atoe kwa ukarimu, naye atapewa kipimo kilichofurika. Hakumwambia mnunuzi akakidai kipimo hicho kwa mjane.

Msabato: Mimi nimenyamaza kwa sababu naona mmezungumzia mizani kana kwamba amri ni moja. Ipo ya nne, na Mgeni na mimi tunaishika Jumamosi hiyohiyo. Mwinjilisti, ninyi mmeisogeza.

Mwinjilisti: Tunaikumbuka siku ya kufufuka kwa Bwana. Hilo tumelijadili mimi na wewe miaka ishirini, tutaendelea.

Mgeni: Mimi siingii katikati ya Wakristo wawili. Nitasema tu jinsi tunavyoishika. Siku ya Ijumaa maji yamechotwa, kuni zimekatwa, chakula kimepikwa. Jua likizama tumemaliza. Na Torati haikumpumzisha mwenye shamba peke yake. Imemtaja mtumishi, mgeni, ng'ombe na punda.

Mama: Punda?

Mgeni: Kwa jina lake, mama.

Mama: Hapo nimekuelewa. Punda wa hapa anabeba madumu ya maji siku saba. Na msichana wa kazi naye, mwenye nyumba yuko kanisani anaimba, yeye yuko jikoni anachambua mchele wa wageni.

Msabato alitaka kuendelea na suala la siku ipi, nami nimemkatiza kwa makusudi. Si kwamba siku haina maana. Wasabato wengi wamepoteza kazi na mitihani kwa ajili ya Jumamosi, na mtu anayelipia imani yake namna hiyo hadharauliwi. Ila maneno ya mama juu ya msichana wa jikoni yalinishika. Tunabishana siku gani Mungu alipumzika, na katika nyumba zetu yupo mtu ambaye hajapewa hata moja.

Twende kwenye sadaka. Hapa Kiswahili chenyewe kina ushahidi. Neno sadaka tumelipokea kutoka Kiarabu, na ndugu yake wa Kiebrania ni tzedaka. Mzizi ni mmoja. Kwa Kiarabu mzizi huo umetupa pia sadiki, yaani kuamini, kukubali kwamba jambo ni kweli. Kwa Kiebrania mzizi ni haki. Kwa hiyo Myahudi anapotoa tzedaka hajisikii kwamba amefanya hisani. Amelipa haki ya mwenzake iliyokuwa mikononi mwake. Rabi Maimonides, aliyefariki Misri mwaka 1204, alipanga ngazi nane za utoaji. Ya juu kabisa ni kumpa mtu kazi, au mkopo, au ubia, asihitaji kuomba tena. Ukiitazama Unyambwa kwa kipimo hicho, anayenunua kwa mizani ya kweli amemtolea mama sadaka ya ngazi ya juu, ingawa hakutia kitu kwenye kikapu. Na yule mzee wa utoto wangu, sadaka yake nono ilikuwa magunia mawili ya mama yakipitishwa madhabahuni.

Mwinjilisti: Neno hilo ni zito, lakini nitalibeba. Mathayo sura ya 5: ukifika madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako hapo, nenda kwanza mkapatane.

Mgeni: Mishna yetu inasema hivyohivyo juu ya Siku ya Upatanisho. Siku hiyo inafuta makosa kati ya mtu na Mungu. Makosa kati ya mtu na mwenzake hayafutwi hadi amridhishe mwenzake.

Mwinjilisti: Ila hapa, Mgeni, ndipo tunapotofautiana na nisingependa tupakane mafuta. Mimi nahubiri kwamba mtu anaweza kuja kwa Mungu akiwa hajalipa chochote, mikono mitupu, na akapokelewa. Kama kurudisha ni tiketi ya kuingilia, maskini mwenye madeni hataingia kamwe.

Mama: Na tajiri mwenye madeni, Mwinjilisti, huwa anaingia bila kulipa. Nimemwona. Anaokoka Jumatano kwenye mkutano wa injili, Alhamisi anakuja kununua vitunguu. Ukimuuliza anasema ya kale yamepita. Yamepita kwake. Kwangu hayajapita, paa bado linavuja.

Mwinjilisti akanyamaza. Nami nakiri kwamba katika mjadala huu wote, ni hapa ninapoona Wakristo wa Unyambwa tumelegea. Hatukukosea kuhubiri msamaha. Tulikosea kumpa msamaha mtu kwa niaba ya mwingine bila kumuuliza. Mzee anasimama mbele, anatubu, tunaimba, na aliyepunjwa ameketi benchi la nyuma na leso yake, anapiga makofi kwa sababu kila mtu anapiga. Torati haimpi mwizi nafasi hiyo: Mambo ya Walawi sura ya 6 inamwagiza arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano, na siku ya kurudisha ni ileile ya kuleta sadaka yake ya hatia. Maimonides anasema toba ya mtu inajulikana kuwa kamili pale anapokutana na nafasi ileile, akiwa na uwezo uleule wa kukosa, akaacha. Yaani msimu ujao, bonde lilelile, mama yuleyule ana shida ya ada, na shazia iko mkononi.

Dalali: Sasa nisikilizeni. Mimi nimekuwa dalali miaka kumi na mitano. Nimenunua Unyambwa, nimenunua Iramba, nimenunua kwa watu waliosimamisha baiskeli barabarani wakaniuzia wakaondoka. Wengine wamekufa. Tuseme nataka kurudisha. Nimrudishie nani?

Mgeni: Umegusa jambo ambalo wahenga waliliogopa. Walisema adhabu ya vipimo vya uongo ni nzito kuliko ya uzinzi wa ndugu, kwa sababu aliyeibia umma kwa kipimo hajui aliowaibia, na asiyejua hawezi kurudisha.

Dalali: Basi nimekwisha.

Mgeni: Hawakukuacha hapo. Waliwazungumzia watu watatu ambao toba yao ni ngumu: wachungaji wa mifugo wanaolisha mashamba ya watu, wakusanya kodi na watoza ushuru. Wakasema: unaowajua, warudishie. Usiowajua, fanya kwa ajili yao kitu ambacho umma mzima utakitumia. Wakataja visima.

Mama: Visima vya maji?

Mgeni: Visima, mabwawa na mapango ya kuhifadhia maji.

Mwinjilisti: Watoza ushuru, umesema? Ngoja. Luka 19, Zakayo. Nimehubiri Zakayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mkuyu, mtu mfupi, Yesu kula kwake. Zakayo alisema mambo mawili. Nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Siku zote nilidhani ni ukarimu wa mtu mwenye furaha. Mara nne ni sheria ya Kutoka, kondoo wanne kwa kondoo mmoja. Hao ni wale anaowajua. Na ile nusu ya maskini...

Mgeni: Ni kwa wale asiowajua.

Mwinjilisti: Na Yesu aliingia nyumbani kwake kabla hajalipa hata senti.

Mgeni: Aliingia kabla. Lakini neno la wokovu kuifikia nyumba ile, kwa jinsi mnavyoisoma ninyi, lilisemwa kabla ya Zakayo kuahidi, au baada?

Mwinjilisti: Baada.

Wote wawili walinyamaza. Upepo wa Singida unajulikana. Ulipita juu ya alizeti kavu zikagongana. Dalali alikuwa anachora mchanga kwa kijiti.

Dalali: Kisima nitachimba. Nina uwezo huo, nikiwa na wenzangu wawili watatu. Pale karibu na shule wanawake wanafuata maji mbali.

Mama: Utaandika jina lako?

Dalali: Kawaida wanaweka kibao, mama. Mfadhili fulani.

Mama: Usiweke. Ukiweka kibao, mwanangu, nitakuwa nachota maji niliyoyalipia mwenyewe, halafu namshukuru aliyeninyang'anya.

Dalali: Sitaweka.

Mama: Na mimi je?

Dalali: Wewe, mama, utachota kama wenzako.

Mama: Kisima ni cha usiowajua. Mimi unanijua. Nimo kwenye daftari lako, kila msimu, na tarehe. Lifungue.

Mjadala niliuandika hadi hapo, nikaenda nyumbani kumsomea mama. Mama yangu mzazi, si huyu wa kwenye mjadala, ingawa wanafanana zaidi ya nilivyokusudia. Alikuwa uani anachambua mtama wa kuku. Alisikiliza yote, pa punda akatikisa kichwa, pa Zakayo akaacha kuchambua. Yule mzee aliyevua kofia amekwisha fariki, na watoto wake wako mjini. Nilitegemea mama atamzungumzia.

"Siku ile ya kushona," akasema, "na wewe alikupa kitu?"

Sikuwahi kumwambia. Nilimwambia alinipa sarafu ya shilingi ishirini, nikanunua maandazi, nikala njiani nisionekane.

"Kwa gunia moja?"

"Kwa yote sita."

"Yalikuwa manane," mama akasema, akarudi kwenye mtama wake.

Jioni hiyo niliiomba ile shazia. Bado anayo, imechomekwa kwenye ukuta wa stoo, ncha imepata kutu. Hakunipa.